C Si Congo

Uvumi ulinifikia kutoka Buffalo, ukanikwama kama mwiba wa samaki kooni: msichana asiye na bwana, America haimwiti.

Nilijaribu kuumeza, haukumezeka. Nikijaribu kuutoa kwa maombi, unabaki palepale. Nikiwa kazini Jeffersontown nafunga maboksi, nausikia. Nikiwa kwenye basi narudi South End, umekaa kiti cha pembeni yangu.

Aliyeuleta ni wifi yangu Rakeli, dada wa marehemu mume wangu. Rakeli anakaa Buffalo, mji ambao theluji inafika madirishani, na habari zinafika kabla ya theluji.

"Wifi, wale wa kwa Nshombo wameingia," aliniambia kwa simu. "Watu tisa, dosye moja, faili moja la safari. Baba, mama, watoto, mpaka mkamwana. Na yule Bahizire aliyejiandikisha peke yake, kijana mzima, iko bado kambini anahesabu mahema. Sasa wewe mwenye akili niambie, kwa nini?"

"Labda bahati."

"Bahati gani. America inapenda familia. Mtu mmojammoja wanamwogopa. Umuhoza wako ataozea Uvira kama hana bwana kwenye dosye."

Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, kaa hapa karibu nikuelekeze. Umuhoza ni binti yangu wa kwanza. Tulikuwa wakimbizi Burundi. Siku zetu za kuja Louisville zilipofika, yeye alikuwa ameshavuka miaka ishirini na moja, tena alikuwa amerudi Uvira, kwetu Congo, kumwuguza bibi yake. Wakaniambia: huyo si mtoto tena, awe na dosye yake. Dosye yake haikuwepo. Nikapanda ndege na mdogo wake Jolie, na nusu ya moyo.

Nilipopata kadi ya kijani, ile ya kukaa America kwa kudumu, mwaka 2014, nilipeleka karatasi ya kumwomba. Wiki jana mlisoma jinsi jibu lilivyokwenda kwenye nyumba tuliyokwisha kuhama, likakaa kwa jirani, naye akalikunja akaliweka chini ya mguu wa meza ili isiyumbe. Nililipata. Lilisema wamepokea, nisubiri.

Hawakusema mpaka lini. Mtu aliyeambiwa asubiri bila kuambiwa mpaka lini, uvumi unamwingia kirahisi sana.

Bon. Tuna laini ya maombi. Asiyeijua, ni hivi: kila Jumapili alasiri tunapiga namba moja wote, wa Louisville, wa Columbus, wa Buffalo, tunaomba pamoja kwenye simu. Unaweza kuwa unasonga ugali, unaweka spika, unasema amina huku unageuza mwiko.

Matangazo yanasomwa na Ndugu Leopoldi wa Columbus. Leopoldi ana sauti ya redio. Akisema mvua itanyesha, unaanua nguo bila kuangalia juu.

Jumapili ile, mwanzo wa mwaka 2016, alianza taratibu.

"Wapendwa, kila mwezi serikali inatoa tangazo la viza. Kuna jedwali. Juu wameandika nchi: China, India, Mexico, Philippines. Mimi nimekwenda chini nikatafuta. Nimekuta mstari umejaa C. C, C, C, C, kutoka mwanzo mpaka mwisho."

"C ni nini, mtumishi?" mama mmoja akauliza.

"Mama yangu, Congo inaanza na herufi gani?"

Kisha amina zikaja kutoka miji mitatu kwa pamoja, kila mmoja kwa wakati wake, mpaka simu ikaanza kukwaruza.

"Na U je?" akauliza mtu wa Buffalo. "Miye naona na U."

"U ni Uganda. Uganda wamefungiwa."

Hapo shangwe ilipungua, maana wengi wetu tuna ndugu Nakivale, kambi ya huko Uganda. Dada mmoja akaanza kulia. Tukaiombea U. Nawaambia ukweli, tuliiombea U mpaka ugali wangu ukashika chini.

"Na Burundi?" mwingine akauliza. "Sioni B."

"B bado," Leopoldi akasema. "Tusimharakishe Mungu."

Laini ilipokatika, Rakeli akanipigia palepale.

"Umesikia kwa masikio yako. Congo imefunguliwa. Mlango uko wazi, na mtoto wako amesimama mlangoni peke yake kama nguzo ya umeme."

"Ana mchumba, Rakeli. Ruta."

"Mchumba haandikwi. Bwana anaandikwa."

Jolie alikuwa mezani na kazi za shule. Hata kichwa hakuinua. "Mama, please, ask somebody," akasema.

Nikamwambia nimeshauliza. Nimeuliza watu wa miji mitatu.

Kesho yake nikampigia shemeji yangu Rurangwa, anayekaa Uvira. Yeye ndiye amesimama mahali pa baba wa Umuhoza. Mambo ya posa yanapita kwake.

"Shemeji, harusi iwe mwezi huu."

"Mwezi huu upi? Tulisema kiangazi. Ng'ombe wa kina Ruta wako mlimani, barabara mbaya, vijana wenye bunduki wako katikati. Harusi si uji, Généreuse, uwashe moto na unywe."

"Mlango wa America umefunguka."

"Ah," akasema. Baada ya hapo hakusema tena habari ya kiangazi.

Aliyesumbua ni Umuhoza mwenyewe.

"Mama, mimi na Ruta tumekubaliana kungoja. Ananijua, namjua. Nafundisha watoto wangu wa darasa la pili, nimetulia. Haraka ni ya nini?"

"Ukiwa na bwana mnaingia dosye moja. Mnasafiri wote. Ukibaki peke yako utaozea hapo."

"Nani amesema?"

"Imeandikwa. Wameandika C."

"C ni nini?"

"Congo."

Umuhoza alikaa kimya. Mtoto huyu amelelewa vizuri. Akiona mama yake anasema upuuzi, anakaa kimya.

"Mwambie Ruta," nikasema. "Mwambie mnakuja wawili."

Akamwambia. Na hapo ndipo niliona ajabu. Ng'ombe waliokuwa wanashindwa kushuka mlima kwa sababu ya barabara, kwa sababu ya mvua, kwa sababu ya bunduki, walishuka. Ruta alipotajiwa America, ng'ombe waliokuwa wakitembea walianza kukimbia. Mimi nilifurahi. Nilimwambia Rakeli, huyu kijana ana upendo.

Ikapangwa: Ijumaa watasaini kwenye ofisi ya serikali inayoandika ndoa, Jumamosi kanisani.

Nami Alhamisi asubuhi nikavaa kitambaa changu kizuri, nikaenda mjini kwenye ofisi moja inayosaidia wahamiaji kwa mambo ya sheria. Nilitaka jambo dogo tu. Nilitaka waongeze jina la mkwe kwenye karatasi.

Wakili alikuwa mama mzungu mfupi, miwani ameipandisha juu ya nywele. Mkalimani alikuwa Rutebuka, mtu wetu wa milimani, tunasali naye. Nikasema leo mambo yatanyooka.

"Mwambie nimekuja kuongeza jina."

"La nani?"

"La mkwe wangu."

Rutebuka hakutafsiri. Akanigeukia. "Mama Umuhoza, mkwe gani?"

"Ruta. Kesho wanasaini, keshokutwa harusi. Mwambie vizuri, usimkatie maneno. Na umwambie ng'ombe wamefika."

"Mama, hapa mimi ni mdomo. Utakachosema nitakisema chote, ndiyo kazi yangu. Kwa hiyo nakuuliza ili nisikosee: wameshasaini, ama bado?"

"Si nimekuambia kesho?"

"Mungu ni mwema," akasema, lakini si kwa sauti ya ibada.

Akageuka, akaongea Kiingereza. Nilisikia jina la Umuhoza, nikasikia la Ruta. Yule mama akaishusha miwani kutoka kichwani mpaka machoni, akaniangalia kama mtu anayemwona mtoto anacheza na kiberiti.

Akaongea taratibu. Rutebuka akawa anamfuata.

"Anasema: binti yako yuko kwenye mstari wa watoto wakubwa, wasioolewa, wa watu wenye kadi ya kijani. Mstari huo wanauita F2B."

"Sawa. Akiolewa anahamia mstari gani?"

"Anasema kwa mtu mwenye kadi ya kijani, mstari wa watoto waliooa au kuolewa haupo."

"Ni mrefu?"

"Hapana, mama. Si mrefu. Haupo."

"Sasa karatasi yangu inakwenda wapi?"

"Inakufa. Siku ileile anayosaini. Hakuna mtu anayeiua, inakufa yenyewe."

Nikamwambia Rutebuka amweleze yule mama kwamba yeye ndiye haelewi. Kwa kina Nshombo waliingia watu tisa, na mkamwana ndani yake. Rutebuka akatafsiri. Wakili akatikisa kichwa kwa upole.

"Anasema wale waliletwa kama wakimbizi. Huo ni mlango mwingine kabisa. Kule wanaitazama familia iliyokimbia pamoja. Huku kwenye karatasi yako wanatazama vitu viwili: huyu ni nani kwako, na ulisimama mstarini lini."

Nikaona niweke silaha yangu ya mwisho mezani.

"Na C?"

"C gani?"

"C ya Congo."

Rutebuka alinitazama, akamtazama wakili, akajikohoza. Akatafsiri. Wakili akamwomba arudie. Akarudia. Yule mama akaigeuza kompyuta yake ili nione, akaweka kidole. Jedwali ni lile. C, C, C, C, mstari mzima. Moyo wangu ukaruka: Leopoldi hakudanganya.

"Anasema hili ni jedwali la watu wanaoitwa na waajiri. Mstari huu ni wa maprofesa wenye sifa kubwa na wakurugenzi wa makampuni. C maana yake hakuna kungoja, wote wanapita."

"Wa Congo?"

"Wa nchi zote. Hata China mwezi huo walipata C."

"Basi Congo iko wapi?"

"Haikutajwa. Nchi zilizotajwa ni zile ambazo watu wake wamejaa mno mstarini. Sisi tuko safu ya kwanza, pamoja na nchi nyingine zote."

Nikiri jambo la aibu: nilisikitika kidogo kwamba hawakututaja.

"Na U?"

"U ni kwamba viza hakuna kabisa mwezi huo, kwa kundi hilo."

"Si Uganda."

"Si Uganda, mama."

Maombi yetu yote yale, nikawaza, sijui yalimfikia nani.

Wakili akapanda juu kwenye jedwali la familia, akatafuta F2B, akaonyesha safu ya kwanza. Pale hapakuwa na C. Palikuwa na tarehe, na mwaka wake ulikuwa 2009.

"Mbona wameandika tarehe iliyopita?" nikauliza. "Wamesahau kubadilisha?"

Rutebuka akaomba ruhusa anieleze kwa namna yake. Wakili akakubali.

"Mama, unakumbuka bomba la maji kambini? Hakuna aliyesimama pale siku nzima. Unaweka dumu lako mstarini, unakwenda kupika, dumu linakushikia nafasi. Siku ulipopeleka karatasi ndiyo siku ulipoweka dumu. Kila mwezi wanatangaza ni dumu la tarehe gani limefika kwenye bomba. Leo wamefika kwa watu wa 2009. Lako ni la 2014."

"Donc, yaani tungoje miaka mitano."

Akamtafsiria wakili. Wakili akainua mkono.

"Anasema usihesabu hivyo. Mwezi mmoja mstari unasogea kidogo, mwezi mwingine unasimama, kuna mwezi unarudi nyuma. Unakumbuka maji yakipungua, wanasema nyie wa huku rudini? Watu wanarudi. Lakini dumu lako haliondolewi. Sasa Umuhoza akisaini kesho, mtu anakuja, anachukua dumu lako na kulitoa mstarini."

Hapo nilielewa. Nilielewa kuliko nilivyotaka.

"Muulize," nikasema, "wakisaini kesho, halafu waachane Jumatatu?"

Rutebuka akafumba macho kwanza, kisha akatafsiri. Yule mama hakucheka. Labda si mimi wa kwanza kumwuliza.

"Anasema utaweka dumu jipya, mwisho kabisa wa mstari. Na watakuuliza ile ilikuwa ndoa ya namna gani."

"Sasa nifanye nini?"

Akanipa njia mbili, na nimezishika kichwani kama sala. Njia ya kwanza, Umuhoza abaki bila kuolewa mpaka zamu yake ifike, viza aipate, na aingie America kwa miguu yake. Akisaini hata wiki moja kabla ya ndege, imekufa.

Njia ya pili, mwakani mimi natimiza miaka mitano tangu niingie. Naweza kuomba uraia. Nikishaapa kiapo cha uraia, ndipo aolewe. Hapo karatasi haifi. Inahamia mstari wa watoto walioolewa wa raia, na tarehe yake ya zamani inakwenda nayo, na Ruta anaingia pamoja naye.

"Mstari huo je, unakwenda?"

"Anasema leo wanaita watu waliopeleka karatasi miaka kumi na miwili iliyopita."

"Rutebuka."

"Mama."

"Umesema kumi na miwili."

"Mimi ni mdomo tu, mama. Lakini huo angalau upo."

Kabla sijasimama, wakili akaongeza neno bila kuulizwa. Uso wangu nadhani ulikuwa unauliza.

"Anasema msifiche. Watu wengi wanafunga ndoa, wanaandika 'sijaolewa', wanaingia. Siku wakitaka kumwita bwana wao, ndoa inajitaja yenyewe na tarehe yake. Hapo mtu anapoteza kadi, anapoteza na bwana. Hata ile ya kanisani peke yake, msiifanye kabla ya kuuliza, inaweza kuhesabika."

Nikatoka nje. Simu ikalia kabla sijafika kituo cha basi. Rakeli.

"Wameongeza jina?"

Nikamweleza yote. C, dumu, mstari usiokuwepo. Akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Bon," akasema. "Kwani nani atajua? Wafunge kwa pasta, wasiende serikalini. Kwenye karatasi abaki msichana. Akishaingia, anamvuta bwana wake polepole."

"Wamenikataza hilo hata kabla sijaliwaza."

"Wazungu wanakataza kila kitu. Wanakataza hata kuchoma nyama kwenye balkoni. Sisi tunachoma."

"Rakeli, wewe ndiye uliniambia asiye na bwana haitwi."

"Nilisikia."

"Kwa nani?"

"Wifi, maneno hayaandikwi jina la mwenye nayo," akasema, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyekata simu.

Nikampigia Rurangwa. Uvira ilikuwa jioni. Nikasikia nyuma yake vyombo vinagongana, watu wanacheka, kiti kinaburutwa. Nyumba imejaa.

"Shemeji, kesho wasisaini."

"Sikusikii vizuri."

"Wasisaini. Harusi isimame kwanza."

Akatoka nje; nikasikia mlango, kisha mbuzi.

"Généreuse, juzi ulikuwa nyuma yangu unasukuma kama gari limezimika. Leo gari linateremka, unasema breki. Ukoo wote wa Ruta umeshuka, wamelala hapa. Ng'ombe wamekunywa maji yetu. Wazee wamekunywa Fanta yetu. Niingie ndani niwaambie nini? Kwamba C ilikuwa si Congo?"

"Nani amekuambia habari ya C?"

"Uvira nzima inajua habari ya C. Kuna watu wawili hapa wameacha kazi."

Nilikaa chini kwenye benchi la kituo.

"Mpe Umuhoza simu."

Alikuja. Nilisikia anahema, labda alikuwa akiwapikia wageni. Nikamwambia. Nilimwambia moja kwa moja, bila kuzungushazungusha, maana salio lilikuwa kidogo na uongo ulikuwa umetosha.

"Mama," akasema, "mimi nilikuwa nimetulia."

"Najua."

"Nilikuwa nimekubali kungoja. Wewe ulisema nikingoja nitaozea hapa."

"Ndiyo nilisema."

"Sasa unasema nikiolewa nitaozea hapa."

"Ndiyo."

"Donc kuoza ni kulekule. Bora nioze na mtu."

Mtoto huyu alikuwa akikaa kimya. Sijui ukimya wake aliuacha wapi.

"Mwaka mmoja tu, Umuhoza. Niape kwanza. Dumu halitaguswa, nawe utakuja na bwana wako kwa heshima."

"Nitakuja baada ya miaka kumi na miwili."

"Labda kumi."

"Na mtihani wa uraia ni wa Kiingereza, mama?"

"Nitafaulu."

"Sijasema hutafaulu. Nimeuliza ni wa Kiingereza."

Basi langu lilitokea mwisho wa barabara, linakuja polepole kama linajua.

"Mama, nikuulize. Kama ningekuwa huko nakaa na wewe, ungenikataza kuolewa ili nibaki kwenye mstari?"

"Kama ungekuwa huku kusingekuwa na mstari."

"Ndiyo. Basi si Ruta aliyeniweka kwenye mstari."

Akapumua, akasema kwa sauti nyingine, ya chini.

"Simu iko kwenye spika. Ruta yuko hapa, pamoja na ukoo wao. Amesikia tangu mwanzo. Anataka kusema na wewe."

Nikasikia simu inabadilisha mikono. Kijana akanisalimia kwa adabu, akaniuliza hali ya Jolie, akaniuliza hali ya baridi. Watu wa kwetu wanasalimia hata nyumba ikiwaka.

"Mama," akasema, "naomba nikuulize kitu kimoja, usinikasirikie. Ulipotuma neno tuharakishe, niliambiwa tunasafiri wawili. Nikamwambia baba yangu hivyo, naye akawaambia wazee, ndiyo ng'ombe wakashuka. Sasa kesho nikisaini. Nitakuja America, ama sitakuja?"

Basi likasimama mbele yangu. Dereva akafungua mlango, akanitazama.

Nikisema hutakuja, na yeye akarudisha ng'ombe wake mlimani, dumu langu limepona. Na binti yangu atajua, mbele ya wageni wote, kilichokuwa kinatafutwa kwake. Nikisema hutakuja, na yeye akajibu sawa, mimi nasaini hata hivyo, basi Umuhoza amepata mwanamume wa kweli, na mimi nimempoteza Umuhoza. Nikisema utakuja, nimekuwa Leopoldi.

Kati ya hayo, sikujua lipi naliogopa zaidi. Bado sijui ningemwombea Mungu lipi.

"Mama?" Ruta akasema. "Uko kwenye laini?"

Nilichomjibu mwishoni nitakieleza wiki ijayo. Lakini najua kati yenu kuna ambao harusi ni wiki hii, na hao hawawezi kunisubiri mimi. Kwa hiyo haya kwanza:

Usisomewe herufi. Kwenye karatasi ileile wameandika maana yake. Tafuta mtu akusomee maana.

Usichanganye mlango wa wakimbizi na mlango wa karatasi ya familia. Jirani aliingia kwa mlango wake.

Kama una kadi ya kijani tu, usimwoze mtoto uliyemwomba. Si kwa serikali, na usikimbilie kanisani kabla ya kuuliza mwanasheria.

Usifiche ndoa.

Usiache kazi, usiuze shamba, kwa sababu tarehe imesogea. Tarehe inarudi nyuma.

Usimwambie mtoto "subiri" kama wewe mwenyewe hujui unamsubirisha nini.

Usimwahidi mkwe America. Mahari inajibiwa kwa binti, haijibiwi kwa viza.

Na akikuuliza swali kama lile, usinyamaze. Mimi nilinyamaza mpaka basi likaondoka. Kwenye spika, mbele ya ukoo mzima, kunyamaza nako kunasikika.